Usingoje Mengineyo

Muheza, Januari

Mwanangu Mwanaidi, somo wa bibi yako,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo. Mguu wa bibi bado unamsumbua, lakini jana alitoka mwenyewe mpaka barazani, akaomba ungo, akachambua mchele wa nyumba nzima, nami nikajua nafuu imekuja. Michungwa ya upande wa bondeni imeshika maua vizuri. Mungu akijaalia, mwaka huu hatutakopa nauli yako.

Uliponipigia Jumanne kunieleza kwamba bunge la wanafunzi limekupitisha uwe mwakilishi wao kwenye kamati ya fedha ya chuo, nilikupa hongera na dua, kisha salio likaisha. Usiku sikulala. Furaha ilikuwepo, tena kubwa, lakini kuna jambo nimekaa nalo muda mrefu na sikuwahi kulisema humu ndani, hata kwa baba yako. Simu haitoshi kulieleza. Ndiyo maana nimechukua karatasi.

Unajua nilikuwa katibu muhtasi kwenye chuo kimoja cha mkoani kwa miaka 21, wewe ukiwa mdogo unaniona narudi jioni na vidole vina wino wa mashine ya kurudufu. Usichokijua ni kwamba kwa miaka mingi katika hiyo nilikaa kwenye kamati ya fedha ya chuo kile, pembeni ya mwenyekiti, nikiandika muhtasari. Kiti unachokwenda kukikalia nakifahamu. Kilikuwa cha mwisho karibu na mlango, na aliyekikalia ndiye aliyeinuka kuwapisha waliokuja na chai.

Nimewaona wawakilishi wa wanafunzi wengi wakipita kwenye kiti kile. Walikuwa vijana wazuri, wengine wana vipaji vya kuzungumza ambavyo wale wazee wa kamati hawakuwa navyo. Lakini ajenda za kikao huwa na mpangilio wake. Kwanza kufungua kikao, halafu kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, halafu Yatokanayo, yaani yaliyoagizwa kikao kilichopita na yanayosubiri majibu, halafu taarifa ya mapato na matumizi, bajeti, mikataba, na mwisho kabisa Mengineyo. Basi mambo ya wanafunzi yalikuwa yakiwekwa Mengineyo. Inafika saa nane na nusu mchana, watu wana njaa, wengine wameshakusanya makabrasha yao, mwenyekiti anageukia mlangoni: "Mjumbe wetu wa wanafunzi, una la kusema?" Kijana anasimama, anasema kwa uchungu kweli kwamba ada ya usajili imepanda na wenzake wanateseka. Wote wanatikisa vichwa. Mwenyekiti anasema limesikika. Kikao kinafungwa kwa sala.

Nami naandika nini? Naandika: "Mjumbe aliwasilisha hoja ya wanafunzi kuhusu ada. Hoja ilipokelewa." Basi. Siku ya pili nikichapa, sentensi hiyo naimaliza kabla chai haijapoa. Kikao kijacho hakuna anayeiulizia, kwa sababu jambo "lililopokelewa" halina mtu aliyekabidhiwa wala tarehe ya kulitimiza, na lisilo na mtu wala tarehe haliingii kwenye Yatokanayo.

Shika hilo, mama. Yatokanayo ndipo mahali ambapo jambo haliwezi kuzikwa kimya kimya. Likishaingia pale, kila kikao litasomwa mpaka lipate jibu, hata wewe ukiwa umeshahitimu na kuondoka. Na njia ya kuliingiza ni ndogo kiasi kwamba hakuna anayemfundisha mtu. Unapomaliza kusema, usikae. Sema: "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba muhtasari uonyeshe kwamba mhasibu ataleta taarifa ya jambo hili kikao kijacho." Ukitaja neno muhtasari, karani anainua kalamu. Nakwambia kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nainua kalamu, na katika miaka yote ile nililisikia ombi hilo kwa mwanafunzi mara mbili tu.

Sasa nije kwenye lililonikosesha usingizi.

Kulikuwa na mwaka ambao chuo chetu kilianza kukusanya fedha za bima ya afya pamoja na ada. Mwanafunzi anapojiandikisha anailipa, risiti anapewa, anaambiwa kadi itakuja. Jambo jema, na kila mzazi alishukuru. Kwenye kamati ikaletwa taarifa ya mapato ya robo mwaka, kurasa kumi na kitu, na ndani yake mstari mmoja: makusanyo ya bima, kiasi fulani. Upande wa matumizi, mstari wa bima ulikuwa mtupu. Nilikuwa nimeichapa taarifa ile mwenyewe, nikauona ule mstari mtupu. Nikajisemea labda fedha zinapelekwa kwa utaratibu mwingine nisioujua. Mwakilishi wa wanafunzi alikuwepo, kabrasha alikabidhiwa pale pale mezani asubuhi ile, na mkutano ukipita ukurasa kwa ukurasa yeye bado yuko kwenye ukurasa wa pili. Nikaandika: "Wajumbe walipokea taarifa."

Miezi miwili baadaye, kijana wa mwaka wa kwanza alishikwa na tumbo usiku. Wenzake walimbeba kwenye bajaji mpaka hospitali. Kilikuwa kidole tumbo, na daktari alisema hakuna kungoja asubuhi. Pale mapokezi wakatafuta jina lake kwenye mfumo wa bima, halimo. Wakatafuta la mwenzake aliyembeba, nalo halimo. Hakuna jina la mwanafunzi wetu lililokuwemo, kwa kuwa orodha haikuwa imepelekwa na fedha zilikuwa bado zimelala kwenye akaunti ya chuo. Vijana walichangishana usiku ule bweni kwa bweni, sarafu na noti za elfu moja. Alhamdulillahi alipasuliwa na akapona. Lakini kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka, alilala wodini wiki kadhaa, mitihani ikampita, na baba yake aliuza ng'ombe wawili wa kulimia kulipa deni la hospitali ambalo mwanawe alikuwa ameshalilipia na risiti anayo mfukoni.

Nilimwona yule mzee. Alikuja ofisini na ile risiti ameikunja kwenye kitambaa, akanipa mimi kwa vile nilikuwa wa kwanza mlangoni, akauliza kwa adabu, bila ukali wowote: "Mwanangu, hii karatasi ni ya nini?" Sikuwa na jibu. Nilimpeleka kwa mhasibu na nikarudi kwenye meza yangu. Hilo ndilo nililokaa nalo. Mstari mtupu niliuona, nikanyamaza kwa kuwa karani si mjumbe. Wewe ni mjumbe.

Swali moja lingetosha siku ile: fedha hizi zimepelekwa lini, na kwa majina mangapi? Leo bima ya mwanafunzi kupitia NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, inalipiwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Chuo chenye wanafunzi 1,200 wanaolipa kinakusanya 60,480,000. Ukiona makusanyo ni hayo na yaliyopelekwa ni pungufu, au majina yaliyopokelewa ni 900, huhitaji kuwa mhasibu kujua kwamba kuna watoto 300 wanaotembea na risiti zisizowatibu. Uliza namba, uliza tarehe. Usilaumu mtu kabla hujauliza, kwa maana mara nyingine kosa liko kwenye picha zilizokataliwa na mfumo au namba za NIDA, za kitambulisho cha taifa, zisizolingana, na mhasibu wa watu anahangaika nalo peke yake.

Uliza pia habari za wanaolipa mara mbili. Wapo wenzako ambao wazazi wao ni watumishi na wana kadi hai za NHIF kupitia wazazi hao. Vyuo vingi huwasamehe 50,400 wakionyesha kadi, ila tangazo hubandikwa baada ya siku ya usajili, au halibandikwi. Uliza likizo ndefu inakuwaje, na wanaokwenda fildi mikoa mingine wanatibiwa wapi. Na uliza ni hospitali zipi karibu na mabweni na karibu na mitaa wanakopanga wale waliokosa bweni zinazopokea hiyo kadi leo. Unakumbuka Machi 2024, hospitali kadhaa za binafsi zilisitisha kuwahudumia wenye kadi za NHIF kwa mvutano wa bei za kitita kipya, yaani orodha ya huduma na dawa ambazo mfuko unalipia. Siku zile hazikuwa nyingi, lakini mgonjwa hana subira ya siku. Chuo kilichokuwa na orodha mkononi kiliwaambia watoto wake waende wapi. Sijui kama chenu kilikuwa nayo, uliza.

Na kwa vile umeniambia kwamba kamatini wanawake mtakuwa wawili tu, uliza mambo ya wanawake bila haya. Kliniki, uzazi, dawa za maumivu ya hedhi zinazoandikwa kisha kuambiwa hazimo kwenye kitita. Wanaume wale si wabaya, ni kwamba halijawahi kuwapata.

Kuhusu ada zenyewe. Watu wengi, hata wazazi wenzangu hapa mtaani, wanadhani ada hupandishwa Oktoba kwa sababu ndipo wanapoiona. La. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai na kwisha 30 Juni, na bajeti hupikwa mapema, muda huu huu ninaokuandikia. Idara zinaleta mahitaji, kamati inakaa, Baraza la Chuo linaidhinisha, Aprili mpaka Juni Bunge liko Dodoma kwenye bajeti kuu, na Julai milango ya maombi inafunguliwa watu wakiwa na viwango mkononi. Kufikia wakati wanafunzi wanakusanyika getini na mabango mwezi wa kumi na moja, jambo lina miezi kumi tangu lizaliwe. Nimeiona migomo ya namna hiyo mara tatu. Mara zote hasira ilikuwa ya haki na mara zote ilichelewa.

Kwa hiyo kikao chako cha kwanza ndicho kikubwa kuliko vyote vitakavyofuata mwaka huu. Andika barua leo, kwa heshima, kwa katibu wa kamati, omba kabrasha siku saba kabla. Ukinyimwa, andika tena, na nakala yake itunze. Likija, usianze na ukurasa wa kwanza wenye maneno mazuri. Nenda kwenye majedwali. Weka bajeti ya mwaka jana kando ya ya mwaka huu na kando yake matumizi halisi. Kama waliomba milioni 40 za ukarabati wa mabweni wakatumia 12, na sasa wanaomba 45 kwa kuongeza ada, hoja yako imeshajiandika yenyewe. Na kwa kuwa chuo chenu ni cha umma, CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anakikagua. Ripoti zake hukabidhiwa kwa Rais kufikia mwisho wa Machi kisha huwekwa mezani bungeni, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kuzisoma. Soma kinachowahusu.

Ada kubwa ya mafunzo ndiyo inayotajwa sana, lakini mimi nilijifunza kuogopa zile ndogo. Usajili, mitihani, kitambulisho, fedha ya tahadhari, ya serikali ya wanafunzi, ya bima, ile 20,000 ya udhibiti ubora ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Mkopo wa Bodi ya Mikopo huenda ukafunika ada ya mafunzo hata asilimia mia, watu wakampongeza mtoto kijiji kizima, kisha akafika dirishani akiwa na nauli tu na sanduku la bati, akaambiwa bila laki mbili na ushee hasajiliwi. Nimewaona wakikaa kwenye ngazi za jengo la utawala siku tatu, wanapiga simu kwa wajomba. Wengine walirudi kwao, na hakuna taarifa ya fedha iliyowahi kuwa na mstari wa waliorudi. Omba mstari huo uwepo, hata ukikataliwa kingine chochote. Waulize wamesajiliwa wangapi kati ya waliopangiwa, na walioshindwa wameshindwa kwa shilingi ngapi. Pengine ni vijana 30, na kuwaruhusu kulipa kwa awamu nne badala ya mbili hakukigharimu chuo hata senti.

Na fedha ya tahadhari, ile inayowekwa kwa ajili ya vitu vitakavyovunjika, irudi kwa wanaohitimu bila kuvunja kitu. Fuatilia. Wanafunzi huondoka na furaha ya joho, hawarudi kuidai, na ikilala miaka mitatu hakuna anayekumbuka ilikuwa ya nani.

Nikueleze na jambo la zamani, kwa kuwa nawafahamu vijana na moto wao. Babu yako alikuwa kijana Dar es Salaam mwaka 1966, na alituhadithia mara nyingi jinsi tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa chuo kikuu na vyuo vingine walivyoandamana mpaka Ikulu, wengine wakiwa na majoho yao mekundu, kupinga sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa. Masharti yalikuwa miezi mitano kambini, kisha miezi 18 ya kufanya kazi kwa asilimia 40 ya mshahara. Rais wa wakati ule, Mwalimu Nyerere, aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza karibu 400, wakarudishwa makwao. Kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Babu alikuwa hasemi kwamba wale vijana walikuwa wapumbavu. Mzigo walioulalamikia ulikuwa mzigo kweli. Alichosema ni kwamba siku ile hakuna kuli wa bandarini aliyesikia jina lake likitajwa. Walizungumza juu ya mshahara wao, na mtu ambaye hakuwa na mshahara alipita barabarani akawatazama tu. Nimefikiri sana juu ya maneno hayo. Utakapoingia kwenye chumba kile utakuwa na wenzako wa digrii wenye mkopo nyuma yako, wao ndio wengi na ndio waliokupigia kura. Lakini chuoni kwenu wapo wa stashahada wasio na mkopo, wapo wanaojilipia kwa kuuza vitumbua asubuhi, wapo wenye ulemavu ambao bajaji ya kila siku kwao ni ada nyingine, na nyuma yao wote wapo mama na baba zao. Wataje. Kamati inaweza kumpuuza mtu anayejisemea. Anayekuja na watu wengine nyuma yake ni mgumu kupuuzwa.

Sasa bumu, ile fedha ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo. Najua hili unalijua kuliko mimi, wewe ndiye unayekula kwa hiyo 10,000 kwa siku, na tunashukuru maana ilikuwa 8,500. Lakini kwenye kamati halizungumzwi kama chakula. Linazungumzwa kama "malipo ya wanufaika", na kuchelewa kwa wiki mbili huitwa "changamoto ya kimfumo". Wewe lieleze kama lilivyo. Malipo ya siku 60 ni 600,000. Yakichelewa siku 14, mtoto anatakiwa kupata 140,000 mahali pengine, na mahali penyewe unapajua: kwa wale wa kausha damu. Umenisimulia mwenyewe juu ya mwenzako wa chumba aliyeweka kadi yake ya benki na namba ya siri kwa mkopeshaji wa mtaani, na bumu likitoka, mkopeshaji ndiye wa kwanza kwenye mashine. Wengine wanakopa kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni, na sidhani kama wenye simu zote walizifuta siku hiyo.

Kamati yako haiwezi kumaliza kausha damu. Inachoweza ni kujua siku: fedha zilifika lini, majina ya kusaini yalitoka lini, waliokosa kusaini ni wangapi na kwa nini. Dawati la mikopo wanazo hizo tarehe. Omba zikae kwenye jedwali moja kila robo mwaka. Ikionekana kwamba kuchelewa kunatokea chuoni, kutokana na matokeo kutopelekwa Bodi mapema, basi hilo liko ndani ya uwezo wa watu waliokaa kwenye meza ile ile.

Na ikija ajenda ya kuchagua benki ya kufanya nayo kazi, msiidharau kwa kuwa inaonekana ya wakubwa. Benki itakuja na zawadi, fulana, udhamini wa michezo. Uliza makato ya kutoa fedha, uliza wataweka mashine ngapi na ziko umbali gani na mabweni ya wasichana usiku. Mhasibu hatauliza hilo la mwisho.

Kaka yako ameniruhusu nikuandikie hili lake. Alipoanza kufundisha Handeni, alikuwa akikatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kulipa mkopo wake, na kila mwaka akitazama deni analikuta halipungui inavyotakiwa, kwa sababu ya ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha iliyokuwa ikiongezwa juu. Unakumbuka alivyokuja Idd moja akakaa kimya siku nzima. Walimu walilisema, vyama vya wafanyakazi vikalisema, wanafunzi wakalisema, miaka na miaka, na wakubwa wakajibu kwamba ndiyo sheria. Kisha Mei Mosi 2021, pale Mwanza, Rais Samia akatangaza kuiondoa, na ikaondoka. Kaka yako alinipigia analia. Anasema nikwambie kwamba sheria ya fedha imeandikwa na watu, na aliyezungumza nayo mwaka wa kwanza na wa pili na wa sita bila kuona matunda hakuwa amepoteza pumzi. Mimi naongeza la karani: waliolisema kwa barua zenye takwimu ndio waliobaki kwenye majalada.

Utapewa posho ya kikao. Ipo kihalali, utasaini kama wengine, na itakuwa zaidi ya unachokula kwa siku kadhaa. Sikukatazi kuichukua. Ila waambie wenzako kiasi chake siku ile ile, usingoje waisikie kwingine. Nimewaona vijana wawili, waliingia kwenye kamati wakiwa wakali, na kufikia kikao cha tatu wanawahi kusaini karatasi ya posho kabla ya kufungua kabrasha. Hakuna aliyewanunua. Walizoea tu, kidogo kidogo, kiti kikawa chao badala ya kuwa cha waliowatuma.

Na ukitoka, warudishie habari. Makabrasha yenu yatakuwa ya Kiingereza, chenye maneno marefu kuliko maana yake. Andika ukurasa mmoja wa Kiswahili, bandika kantini na kwenye mbao za mabweni: tuliambiwa hivi, niliuliza hivi, nilijibiwa hivi, hili bado. Usifunue mambo ya siri ya watumishi au ya mgonjwa yeyote. Lakini kiwango cha ada, tarehe ya bima na jina la benki si siri ya mtu.

Najua utaogopa. Mwenyekiti atakuwa profesa, huenda ndiye atakayekufundisha muhula ujao. Msalimie kwa heshima, mwite mheshimiwa, usikatize mtu, vaa lile gauni la kitenge la kijani na mtandio wako. Kisha uliza. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke. Muhtasari hauandiki sauti, unaandika maneno.

Nimempa konda wa basi la Ijumaa kifurushi chako, ukakipokee stendi Jumamosi alfajiri. Kuna machungwa, kuna dagaa alizokaanga bibi, na chini kabisa nimefunga kwenye khanga kile kikokotozi changu cha ofisini. Bado kizima, ila tarakimu ya 8 inataka ibonyezwe kwa nguvu, kwa hiyo jumlisha kila hesabu mara mbili. Nitumie tarehe ya kikao kwa ujumbe, nitakuwa nimefunga siku hiyo. Na ukitoka, kabla hujala, nipigie unisomee walichoandika kwenye Yatokanayo.

Mama yako